Upeo Ukae Juu: Miaka Yangu na Kamera Kingoni mwa Rufiji

Wadogo zangu wa kitengo cha picha, siku ya kuniaga mlinizawadia saa ya ukutani, mimi ambaye sasa sina pa kuwahi. Nawashukuru. Nimeitundika juu ya friji, inagonga vizuri, na kwa kuwa inanikumbusha kwamba nina muda mwingi, nimeona niwaandikie mambo ambayo hamkupata kuniuliza tukiwa kazini. Vyeo na mishahara sivigusi. Vya kwanza vilichelewa kufika na vya pili viliwahi kuisha, na hakuna la kujifunza hapo. Nitaandika juu ya mstari mmoja tu, ule ambapo maji yanakutana na kitu kingine, ambao sisi tunauita upeo. Nimehangaika nao maisha yangu yote ya kazi, na ipo siku moja ulinitisha hasa.

Mimi ni mtoto wa Bungu, nimekulia kando ya barabara nikiuza mahindi ya kuchoma kwa abiria. Kamera ya kwanza niliishika Kibiti, katika studio ya Bwana Shomari. Huyu alikuwa fundi mwashi kabla mgongo haujamkatalia kazi, na alipogeukia picha alihamia na vyombo vyake vyote. Timazi yake, ile kamba yenye uzito nchani, ilining'inia karibu na mlango, na juu ya kamera alikuwa amefunga pima maji fupi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Wateja walidhani ni sehemu ya kamera. Alikuwa na maneno machache na mengi ya hayo yalikuwa ya kugomba, lakini aligomba kwa faida, na sijapata mwalimu mwingine wa kumfikia.

Nyuma ya kiti cha wateja kulikuwa na kitambaa alichokichora mwenyewe: maji ya buluu, kisiwa kidogo na minazi miwili. Siku yangu ya kwanza aliletwa bibi harusi, msichana mrefu, kapambwa akapambika, na Shomari akaniambia nipige. Nikapiga. Picha iliposafishwa tukaona mstari wa maji umempitia shingoni, sikio hadi sikio. Mama mtu aliitazama kitambo, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. "Mmenichinjia mwanangu," alisema kwa upole, na akaomba tumpige upya kabla bwana harusi hajaiona ile. Hakukubali hata tuichane mbele yake. Aliondoka nayo akaichome mwenyewe.

Shomari hakunifukuza. Alinisimamisha mbele ya kitambaa akapandisha na kushusha kamera mara nyingi, akinionyesha jinsi mstari unavyoifuata. Ukiwa nje ni vivyo hivyo, alisema: upeo wa kweli unakaa kwenye kimo cha kamera yako. Kamera ikiwa usawa wa shingo ya mtu, upeo utamkata shingo. Ishushe kiunoni, au panda mahali pa juu umweke mtu wote ndani ya maji au ndani ya nchi kavu. Wengi wenu mnaona hayo ni mambo ya wazee. Sawa, lakini mtu wa kwetu akipewa picha iliyomkata shingo hatakwambia kitu, ataipokea kwa mikono miwili, na hutamwona tena dukani.

Baadaye nikaajiriwa na mradi wa kuchunguza kingo za mto, huku kwenye delta. Kazi yenyewe mnaijua, ndiyo mliyoirithi: vigingi vimechimbiwa ng'ambo ya kila kijiji, na kila msimu mpiga picha anasimama kwenye kigingi kilekile, anapiga ukingo uleule, ili ofisini waone mto umekula kiasi gani. Ni kazi ya kuchosha kwa namna ya ajabu. Unakwenda kutazama kitu kile kile ili uone kilichopungua.

Picha zangu za mwanzo nilizipeleka kwa Shomari, nikitaraji sifa. Alizitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza nani kaiangusha minazi. Kweli, minazi yote ya Mohoro ilikuwa imeinama upande mmoja pamoja na nyumba na mlingoti wa shule. Nikajitetea kwamba nilihakikisha mstari wa maji umelala sawa, nikaunyoosha kabisa. Hapo ndipo akanifundisha jambo ambalo bado naona mnalikosea. Kwenye bahari wazi mstari wa maji ni upeo, unaweza kuuamini. Mtoni siyo. Ng'ambo ya mto mara nyingi inakwenda ikikuacha, upande mmoja uko karibu na mwingine uko mbali, na kwa hiyo ukingo wake kwenye picha lazima uonekane umeshuka upande. Huo si upeo, ni ukingo tu unaoondoka. Ukiulazimisha ulale sawa, unapindua dunia nzima.

Akachukua timazi mlangoni, akaishikilia juu ya picha. Alisema maji yaliyotulia hayadanganyi. Tafuta kitu chochote kilichosimama karibu na maji, mti, mlingoti, hata kunguru juu ya kijiti, kisha tafuta kivuli chake majini, kile kinachosimama kichwa chini. Ncha ya kitu na ncha ya kivuli chake ziko kwenye timazi moja daima. Zikiachana, wewe ndiye uliyeinama. Tangu siku hiyo sijawahi kunyoosha picha ya mtoni kwa kufuata ukingo. Nanyoosha kwa kufuata vivuli, na kwa sababu hiyo nimeishi nikitazama majini kuliko kutazama juu.

Kuna la pili kuhusu delta, nalo ni utupu. Nchi ni tambarare, matope, mikoko, anga. Usipoweka kitu mbele ya picha, jicho la mtazamaji linatanga na njia. Nilijizoesha kutafuta kitu cha kushikia jicho na kukiweka kwenye theluthi ya chini, upande mmoja, si katikati. Asubuhi moja kwenye kigingi kimoja nilifurahi kupata gogo zuri, jeusi, limelala kimshazari kwenye fungu la tope katikati ya maji na linaelekeza macho moja kwa moja kijijini. Nikapiga. Nikainama kufuta kioo, nikapiga tena. Picha ya pili haina gogo. Tope lake limebaki na mchirizi unaoingia majini, kuelekea nilipokuwa nimesimama. Nilikunja stendi haraka kuliko nilivyowahi kukunja kitu chochote, na tangu hapo nikawa naomba gogo lipigwe jiwe kwanza.

Mwendeshaji wa boti yangu miaka mingi alikuwa Mfaume, Mndengereko wa hukohuko, mpole, mtu wa kutabasamu na kusema kidogo. Injini yake alikuwa akiibembeleza kama mtoto mgonjwa. Nilimuuliza karibu kila kitu kuhusu ile mito na alinijibu, isipokuwa nilipouliza mambo mawili matatu, hapo aliangalia maji, nami nikajifunza kutouliza tena.

Kijiji ninachotaka kuwasimulia kiko chini ya Mohoro, penye kona kali. Sitakitaja, kwa sababu sehemu niliyokuwa nikiipiga haipo. Misimu ya mwanzo palikuwa na nyumba nyingi kando ya maji. Mto ukaanza kuzichukua moja moja. Nikifika msimu huu, nyumba iliyokuwa ya tatu imekuwa ya pili. Msimu ujao imekuwa ya kwanza. Halafu nikisimama kwenye kigingi naona fremu ya mlango peke yake imebaki imesimama kwenye ukingo, inaangalia maji. Wenyewe walihamia barabarani, upande wa Nyamwage. Hakuna aliyelia mbele yangu. Walibeba mabati na milango wakaondoka, na minazi waliyoiacha ikaanguka mmoja baada ya mwingine wakati wake ulipofika.

Katika kila picha ya mahali pale kulikuwa na kisiki, kwenye theluthi ya kushoto, karibu na nyumba ya mwisho. Nilikipenda kisiki kile, kilinisaidia kupanga picha. Ilipita misimu mingi kabla sijanunua lenzi ya kuvuta mbali, na siku niliyoijaribu kisiki kikageuza kichwa. Alikuwa mwanamke mzee amekaa juu ya mkeka, amejifunika kaniki. Nilirudi nyumbani nikatoa picha zote za nyuma, nikazipanga sakafuni. Alikuwamo katika kila moja, mahali palepale, amekaa vilevile. Kilichobadilika ni ardhi iliyokuwa mbele yake.

Mfaume aliniambia ni Bi Tatu. Mumewe amezikwa pale uani, pamoja na jamaa wengine wachache wa zamani, na yeye kila siku hukaa kando ya kaburi. Anaishi na binti yake Rehema na wajukuu wanne. Serikali ya kijiji imekwenda kumsihi ahame, shehe amekwenda, binti amelia hadi amechoka. Jibu lake ni moja, kwamba hawezi kumwacha mwenzake peke yake na mto. Rehema naye hawezi kumwacha mama. Watoto hawana la kusema, wako alipo mama yao. Basi, nikiwaacha wale jamaa wa zamani, watu saba walikuwa pale, sita hai na mmoja kaburini, na aliyekuwa akiwashikilia wote ni yule wa kaburini.

Nilimwomba Mfaume anipitishe chini ya ukingo ule nikaupige kwa karibu. Akazima injini kabisa, jambo ambalo hakulipenda kwa kuwa kuiwasha tena ilikuwa kazi.

"Huko hakupitwi, dada Zuhura," alisema. "Watu wamelala pale. Hupiti na mtumbwi chini ya miguu yao."

Ndivyo walivyo wote wa kona ile. Wakikaribia makaburi, hata yawe juu kiasi gani, wanavuka kwenda ng'ambo, wanapiga makasia taratibu, wanageuza uso upande wa mikoko mpaka wapite. Ni adabu, na ni adabu nzuri, nami nilikuwa nikiinamisha kichwa pamoja nao. Ilikuja kunijia baadaye kwamba kwa sababu ya adabu hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuutazama ukingo ule kwa chini. Wa juu hawaoni chini yao. Wa majini wamegeuza uso. Na ng'ambo hakuna anayekaa, ni tope na mikoko na kigingi changu.

Mimi niliyesimama kigingini nilikuwa na amri ya ofisi. Mkuu wetu, mtu mwema sana, alipenda picha za maji yaliyojaa, kwa sababu tope halipendezi kwenye kalenda, na alitaka upeo ukae chini, anga ichukue theluthi mbili. Mawingu ya Rufiji kweli ni mazuri, simlaumu. Lakini ukishusha upeo unayakata maji, na ukiyakata maji umekata vivuli vyote.

Msimu ninaousema, injini ilikufa tukiwa njiani. Tulipofika kigingini maji yalikuwa yamekupwa, yamebaki mfereji mwembamba katikati ya matope, na yamesimama, wakati ule wa katikati ambapo hayatoki wala hayaingii. Ilikuwa asubuhi. Hapakuwa na upepo, na ndege pia walikuwa wamenyamaza, kitu kisichotokea kule. Anga ilikuwa nyeupe tupu bila hata wingu. Sikuona sababu ya kuipa anga theluthi mbili wakati haina kitu. Nikainamisha kamera, upeo ukapanda juu, maji yakajaa picha.

Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikatafuta ncha na kivuli chake ili nisawazishe. Nilimchagua Bi Tatu. Yeye juu, kivuli chake chini, timazi moja. Na katikati yao, majini, kulikuwa na kitu ambacho juu hakikuwapo.

Nilidhani ni kivuli cha mti. Nikainua macho: hapakuwa na mti. Ukingo ulionekana mzima, umefunikwa na matete yaliyoning'inia hadi karibu na maji. Nikatazama tena majini, na pale palikuwa na mdomo mweusi, mpana kuliko nyumba.

Nitawaeleza, kwa sababu ni jambo la kazi na si la mizimu. Kivuli cha majini hakionyeshi kile unachokiona wewe. Kinaonyesha kile ambacho ungekiona kama jicho lako lingekuwa chini ya maji likitazama juu. Kwa hiyo kinachungulia chini ya mashua, chini ya madaraja, na chini ya matete yaliyoning'inia. Wewe unaona pazia, maji yanaona chumba. Najua hivyo vizuri kabisa, na bado nilibaki nimeinama pale, kidole juu ya kitufe.

Mfaume aliuliza mbona sibonyezi. Nikabonyeza, nikapiga nyingi.

Nyumbani niliifungua picha kwenye kompyuta na kuigeuza juu chini, ili kivuli kisimame. Sasa kilikuwa chumba. Kilikuwa na dari la udongo lenye mizizi, na juu ya dari hilo, amekaa wima, mikono magotini, Bi Tatu. Darini mlikuwa na uwazi mrefu wenye ukubwa wa mtu, upande wake mmoja umechimbwa ndani zaidi. Niliwahi kukaa na waliochimba kaburi la baba yangu, nikaona wanavyomchimbia maiti mwanandani, ule ubavu anamolazwa kuelekea kibla. Nilijua ninachokiona. Mbao za kiunza, zinazowekwa kumkinga asiangukiwe na mchanga, zilikuwa mbili, zimening'inia kwa mizizi, na hazikuwa zikikinga kitu. Pembeni kulikuwa na nafasi nyingine kama hiyo, mbili, nazo tupu. Nilifunga kompyuta, nikawasha taa zote, na nikaketi na majirani mpaka wakaanza kupiga miayo.

Kesho yake nilimwonyesha mkuu. Alishtuka kwa haki, akataka picha ipelekwe kijijini na mgambo wamwondoe bibi siku hiyo hiyo, kwani bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ilikuwa inakaribia, na maji ya bamvua yangeingia mle kwa nguvu. Nikamwambia mgambo sita wakipanda pale, watashuka wote. Nikaomba niende kwanza mimi. Sikuwa na ujasiri wowote, niwe mkweli, ila niliona vibaya mwanamke yule aipate habari ya mumewe kwa kushikwa mkono na vijana wenye virungu. Nikaichapisha picha kubwa, nikaikunja ndani ya khanga, nikachukua bodaboda kutoka Nyamwage hadi njia ilipokomea.

Nilifika baada ya adhuhuri, maji yanajaa. Rehema alikuwa uani anatwanga mpunga, watoto wanapeta. Bi Tatu yuko mkekani. Nikapiga shikamoo nikiwa mbali, kwenye mwembe, nikitumaini ataniambia nisubiri hapohapo. Akaitika marahaba, akasogea, akapigapiga mkeka kwa kiganja.

"Karibu ukae, mwanangu. Mgeni hasimami."

Nyie mmekuzwa na watu, mnajua. Ukikaribishwa mkeka unakaa. Nilivua viatu na kwenda taratibu, nikiweka unyayo mmoja kisha mwingine, nikakaa juu ya dari lile ambalo jana yake nililiona kwa chini. Kila Rehema alipoushusha mchi, ardhi ilijibu kwa sauti nene, ya kitu kitupu. Nilijua hapo kwamba hata mtoto akiruka kamba pale tunaweza kushuka wote mtoni. Nami huku natabasamu na kuulizwa habari za Kibiti.

Nilimwomba Rehema, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, apumzishe mchi kidogo tuzungumze. Akaacha. Bi Tatu alisema amenifahamu, mimi ni yule wa ng'ambo mwenye jicho la chuma, na kwamba miaka yote hii alikuwa akijua ninampiga picha, ndiyo maana akawa anakaa vizuri. Akaniuliza kama nimekuja nami kumwambia ahame. Kabla sijajibu akaendelea. Alisema watu wanamwona mkaidi kwa sababu hawajui. Mwenzake hakunyamaza. Kila maji yakijaa, humgongea kutoka chini, mara moja, mara mbili, kama alivyokuwa akigonga mlango zamani akitoka shamba la mpunga. Na yeye humwitikia abee, kama zamani. Sasa mtu anayekugongea kila siku utamwachaje?

Nilitazama mto. Ulikuwa umeshapanda nusu ya matete. Nikafungua khanga, nikamwekea picha mapajani, nikaigeuza juu chini.

Alijiona yeye kwanza, akacheka kidogo. Kisha kidole chake kikashuka polepole, kikapita mkeka, kikapita udongo, kikaingia gizani. Kikasimama kwenye zile mbao.

"Hii nini?"

"Kiunza, mama."

Hakuuliza kaburi la nani. Alikuwapo walipolipima. Alisogeza picha karibu na macho, akaitafuta ile nafasi ya mwanandani, akaipapasa kwa ncha ya kidole toka mwanzo hadi mwisho. Niliona midomo yake ikisoma dua. Rehema alikuja, akatazama juu ya bega la mama yake, akaenda kuwashika watoto mikono na kuwapeleka mbali, kwenye mwembe, wote wanne.

"Lini?" Bi Tatu aliuliza.

Nikasema sijui. Huenda ni misimu mingi. Mbao zimeota ukungu.

"Kumbe mwenzangu alishahama," alisema. "Wala hakuniaga."

Alisema bila kulia, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa kidogo, na hilo liliniumiza kuliko kama angelia. Kisha akaamuru. Alikuwa mwanamke wa kuamuru, nikaona alivyokuwa zamani. Vitu vitoke kwa mkono mmoja mmoja, asipite mtu na mzigo mzito, asikimbie mtu. Rehema alitoa masufuria, godoro, mpunga, mashuka, ameyabeba kichwani akitembea kwa vidole. Mwishowe akafunga mlango kwa kufuli, kwa mazoea tu, nyumba ile ambayo bamvua ya wiki hiyohiyo ilikuja kuichukua pamoja na kufuli lake.

Tulibaki mimi na Bi Tatu mkekani. Nilimshika kiwiko kumwinua, na alikuwa mzito wa magoti, anahitaji muda. Maji yalikuwa yamefika juu kabisa. Mchi umelala chini. Watoto wako mbali, kimya. Alikuwa amepiga goti moja, mkono wake begani kwangu, ndipo sauti ya kugonga ikaja kutoka chini yetu, wazi, karibu sana, ikapanda hadi kwenye nyayo zangu. Mara moja. Halafu mara ya pili.

Nimelelewa kuitika. Midomo yangu ilishafunguka, kabla akili haijafika. Bi Tatu akanifunika kinywa kwa kiganja chake, kikavu, kina harufu ya mpunga, akanivuta karibu na kusema sikioni mwangu taratibu:

"Usiitikie, mwanangu. Huyo hatumjui."